Pesa za shule zisiingie kwenye simu ya mtu, hata kwa siku moja

Dada, usichapishe hizo kadi za harambee. Kama tayari ziko kwa fundi wa kuchapisha River Road, mpigie simu sasa hivi asimamishe mashine.

Nimesoma swali lako mara mbili. Unauliza harambee ya madarasa ifanywe mwezi gani, chakula kipikwe na akina mama au mkodi wapishi, na mgeni wa heshima awe nani. Halafu katikati umetaja, kama jambo dogo tu, kwamba michango itatumwa kwa namba ya mweka hazina wenu kwa sababu ni mwaminifu na kila mzazi anayo namba yake. Hapo ndipo niliposhtuka. Sisi tulisema maneno hayo hayo.

Nilikuwa katibu wa kamati ya wazazi katika shule moja ya msingi huku Eastlands, Nairobi. Tulitafuta pesa za choo cha wasichana na matangi mawili ya maji. Mweka hazina wetu alikuwa anauza suruali za mtumba soko la Gikomba, mtu wa kanisa, mtu ambaye ungemwachia mtoto na funguo za nyumba. Tukachapisha namba yake kwenye kadi 500.

Siku yenyewe ilifana. Hema lilijaa, watoto wakaimba, simu yake ikalia kutwa nzima mpaka akaizima sauti. Mimi nilikaa mezani na daftari. Kila aliyetuma alinionyesha ujumbe wake wa M-PESA, naandika jina na kiasi. Jioni tukaingia darasa la 4 kuhesabu. Daftari langu lilisema 186,350. Mweka hazina akaangalia salio: 151,000 na kidogo. Akatoka, akaangalia tena. Ni ile ile. Hakuna aliyefungua mdomo. Ubaoni bado kulikuwa na tarehe ya Ijumaa na hesabu za kugawanya, naye akazikodolea macho kana kwamba jibu liko pale.

Wiki ile alikuwa amefungua robota jipya, na pesa zilipopungua akamalizia kwa Fuliza, ule mkopo wa M-PESA unaojazia salio lisipotosha. Anayeitumia Fuliza anajua: ukiwa na deni, shilingi yoyote inayoingia kwenye laini yako inakatwa kwanza kulipa deni hilo. Ndivyo ilivyo tangu ianze 2019, na haiwezi kujua kama shilingi hiyo ni ya choo cha shule au ni ya unga wa nyumbani. Michango ya kwanza ya asubuhi, ya watu walioamka mapema kututumia mia mia zao, ilimezwa yote. Yeye hakugusa kitu. Alikuwa anapanga viti.

Na hilo lilikuwa fumbo jepesi. Wateja wake nao walikuwa wanalipia suruali kwa laini hiyo hiyo, Jumamosi hiyo hiyo. Mwenye hema naye alilipwa kutoka humo humo saa saba mchana, kwa amri ya mwenyekiti, bila risiti. Tulichukua taarifa ya M-PESA, kurasa 11, tukakaa nayo wiki sita. Rangi ya kijani kwa mistari ya shule, ya waridi kwa mistari ya suruali. Mtu ametuma 1,000: ni mzazi, au ni mteja wa jinzi mbili? Unampigia mtu usiyemjua saa mbili usiku kumuuliza alikusudia nini.

Kufikia hapo kundi la wazazi la WhatsApp lilikuwa limeshahukumu. Picha za skrini zilizunguka, neno mwizi likaandikwa wazi. Nilienda kununua sukuma kwa mama mboga aliyekuwa ametuma 200. Alikata sukuma kimya, akanifungia, akanikabidhi, kisha akaniuliza, "Mia mbili yangu mlimjengea nani?" Sikuwa na la kumjibu, na yeye bado ana haki ya kuuliza.

Mweka hazina aliuza mali kwa hasara akalipa kila shilingi, hata zile ambazo hakuwa anadaiwa. Choo kilijengwa. Muhula ulipoisha akamhamisha mtoto wake. Tukikutana Muthurwa ananisalimia vizuri sana, lakini hasimami. Hakuwa mwizi. Nimeandika haya yote ili mtu mwingine asiitwe jina hilo kwa kosa la kamati nzima.

Aliyetuingiza humo ni mzazi mwenzetu aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa harambee. Sisi tulipotaja Paybill, yaani namba ya taasisi ya kupokea malipo ya M-PESA, alitukata kauli: hayo ni mambo ya makampuni, yatachukua mwezi mzima, mtachelewa. Hasira yangu naye haijaisha. Shule tayari ina akaunti ya benki, na benki tayari ina Paybill yake! Equity ni 247247, KCB ni 522522, Co-operative ni 400200. Mchangaji anaweka namba ya benki, kwenye sehemu ya akaunti anaandika namba ya akaunti ya shule, pesa zinatua huko huko. Hakuna mwezi wa kungoja. Angeuliza kaunta ya benki dakika tano tu. Na zikishafika huko hazitoki bila sahihi za waliowekwa kutia sahihi, tofauti na simu inayofunguliwa na kidole cha mtu mmoja. Tena, laini ya M-PESA ya mtu haibebi zaidi ya 500,000. Mkifanikiwa kupita hapo, michango itaanza kukataa kuingia katikati ya sherehe.

Utaambiwa wazee hawajui Paybill. Shosho anayenunua tokeni za stima kwa 888880 anajua Paybill kuliko mimi. Pesa taslimu za kapu nazo zihesabiwe na watu watatu mbele ya wazazi, ziandikwe, zipelekwe kwa wakala wa benki jioni hiyo hiyo ziingie akaunti ya shule. Zisitiwe kwenye M-PESA ya mtu eti zilale salama. Na mwenye hema alipwe kutoka benki, kwa risiti, hata kama analalamika.

Kuhusu mwezi: epukeni Aprili na Novemba kwa sababu ya mvua, na Januari wazazi wameishiwa pesa kwa sababu ya karo. Chakula pikeni wenyewe. Mgeni wa heshima mtamjua ninyi.

Jumatatu nenda benki na mwalimu mkuu. Chukueni namba ya akaunti kwa maandishi, msiitoe kichwani. Kisha wewe mwenyewe, ukiwa umesimama pale pale, tuma shilingi 10 kwa Paybill. Mwombe mtu wa kaunta akuonyeshe zile 10 zimeingia kwenye akaunti ya shule. Ukishaziona kwa macho yako, mpigie fundi wa River Road umwambie aendelee, na namba iliyo kwenye kadi iwe ile uliyoijaribu.