Kabla hujatumbukiza kitambaa kwenye nili

Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza kutia nguo rangi ya nili, ile buluu itokanayo na mmea, niliharibu mita nyingi za kitambaa cha marekani, na karibu zote ziliharibika kwa sababu moja: nilitumbukiza kitambaa kabla pipa halijawa tayari. Kwa kuwa vijana kadhaa hapa Dar es Salaam wameniuliza waanzie wapi, naandika yale ambayo ningependa kuambiwa mapema.

Nili haiyeyuki katika maji. Ukiikoroga utapata maji ya buluu ya kupendeza, lakini kitambaa ukikisuuza rangi yote itaondoka. Ili ishike, ni lazima kwanza inyang'anywe oksijeni ndani ya maji makali ya chokaa, majivu au kostiki soda, ndipo iyeyuke na kuingia kwenye nyuzi. Kitambaa kinapotolewa hutoka na rangi ya manjano yenye ukijani, kisha hewa hukigeuza kuwa buluu mbele ya macho yako. Nimekwisha kuliona jambo hilo mara nyingi mno, na bado husimama kulitazama.

Kosa langu lilikuwa la sukari. Nilifuata kipimo kinachojulikana sana, yaani sehemu 1 ya nili, 2 za chokaa iliyozimwa na 3 za sukari ya matunda, ila sukari hiyo sikuipata, nikaweka sukari ya chai. Siku tatu nzima maji yalibaki buluu, kwa sababu sukari ya chai haina uwezo wa kuinyang'anya nili oksijeni. Aliyenisaidia ni mama mmoja wa Temeke anayetengeneza batiki, ambaye hakuwa amewahi kugusa nili ya mmea. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, aliondoa utando wa juu kwa upawa, akachungulia, akasema, “Mwanangu, hii bado. Sisi rangi tunaiangalia chini, hatuiangalii juu.” Nilichemsha tende na ndizi zilizoiva kupita kiasi, nikachuja maji yake na kuyamimina pipani, na kesho yake, chini ya utando unaong'aa kama shaba, maji yalikuwa ya manjano-kijani.

Mama yule alijua kwa sababu rangi nyingi za batiki zinazopikwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, dawa ya unga inayoondoa oksijeni, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo ya kunyimwa hewa kisha kurudishiwa. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kwenda kuketi na mafundi wa batiki walio karibu naye, awalipe kwa muda wao, na aangalie mikono yao. Mafundi wa Kofar Mata mjini Kano, Nigeria, ambako kazi hii inatajwa kuanza mwaka 1498, huchachusha nili kwa majivu ndani ya visima kwa siku nyingi, na ni vyema kujifunza habari zao. Lakini Kano ni mbali, na Temeke ni nauli ya daladala. Hata nili yenyewe si ngeni kwetu, kwani kaniki ya zamani ilitiwa rangi hiyo.

Kitambaa nacho kina mambo yake. Ukinunua Kariakoo, omba uzi mmoja uuchome: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, lakini ukiyeyuka na kuwa kitone kigumu, kirudishe. Chemsha kitambaa kwa sabuni na magadi ili kutoa wanga wa kiwandani. Kiingize pipani kikiwa kimelowa, polepole, bila kuleta mapovu, kwa sababu kila povu hurudisha hewa uliyohangaika kuiondoa. Mimi hutumbukiza mara sita kwa dakika chache na kukipa hewa kivulini kila mara, na buluu ninayoipata hudumu kuliko ile niliyowahi kuilazimisha kwa kukiacha humo nusu saa. Vaa glavu, hasa penye kostiki soda.

Pipa likichoka na maji ya chini kuanza kuwa buluu, usilimwage mtaroni. Ongeza maji ya tende na chokaa kidogo, koroga taratibu ukizungusha upande mmoja, lifunike, na uliache lilale hadi asubuhi.