Kupiga muziki jukwaani bila faida: tuendelee au tuache?

Ndugu yangu, nimekuelewa: mnafanya mazoezi wiki nzima, mnabeba spika na ngoma, mnapiga mbele ya watu ishirini, na malipo hayarudishi hata nauli. Unauliza kama inafaa.

Kwangu imefaa, ila si kwa pesa. Nimepiga gitaa la besi na marafiki kwa miaka, na onyesho moja la dakika 40 lilinifunza kuliko mwezi mzima wa mazoezi chumbani. Jukwaani huwezi kusimama urudie ulipokosea. Unamsikiliza mpiga ngoma, unaendelea.

Kinachochosha hasa ni mizigo na ahadi hewa. Kabla ya kukubali mwaliko, muulize mwenye ukumbi: mitambo ya sauti ipo? Fundi je? Tunaanza saa ngapi, na tunalipwa nini? Majibu yawe ya maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Ukiambiwa muuze tiketi kwanza ndipo mpande jukwaani, kataa. Mimi nilikubali mara moja, nikaishia kuzilipia mwenyewe.

Masikio usiyapuuze. Sauti ya desibeli 100, ambayo bendi huifikia kwa urahisi, inaweza kuanza kudhuru ndani ya dakika 15 hivi. Vaa vizibo. Masikio yakivuma hadi kesho yake, muone daktari.

Jaribuni maonyesho matatu mliyoyachagua wenyewe. Siku ya kupiga ikiendelea kukutia uzito, baki kurekodi nyumbani. Huo nao ni muziki kamili.