Digrii ya polinomia yenye herufi mbili

Umeuliza kwa nini polinomia 7x⁴ + 4x³y² imesahihishwa kuwa digrii 5, wakati kipeo (namba ndogo iliyo juu ya herufi) kikubwa unachokiona ni 4. Vipeo vya herufi zilizozidishwa ndani ya kijisehemu kimoja (kipande kinachotengwa na + au −) hujumlishwa. Kwenye 4x³y² una x·x·x·y·y, herufi tano, kwa hiyo 3 + 2 = 5. Kwenye 7x⁴ zipo nne. Jumla iliyo kubwa kuliko zote, hapa 5, ndiyo digrii. Namba 7 na 4 zilizo mbele hazihusiki kabisa.

Kosa linalowaponza wengi ni kusoma digrii kabla ya kurahisisha. Chukua (x + 2)(x² − 3) − x³. Ukiitazama tu utasema 3. Fungua mabano: x³ + 2x² − 3x − 6 − x³. Zile x³ zinafutana, inabaki 2x² − 3x − 6, digrii 2.

Angalia pia kama ni polinomia kweli, yaani vipeo vyote vya herufi ni namba nzima zisizo hasi: 5/x siyo, maana kipeo chake ni −1, √x nayo siyo, kipeo ni nusu. Ila √3·x ni polinomia, kwa kuwa kipeuo (alama ya √) kimekaa kwenye namba, si kwenye herufi. Namba tupu kama 9 ina digrii 0.