Muulizeni diwani idadi, msimtajie majina

Huu ni mwaka wa nne niko kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji chetu, huku Urambo kwenye tumbaku. Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa kwanza. Kulikuwa na mtoto wa miaka 12, kaja na vibarua kutoka upande wa Kasulu, analala jirani na mabani ya kukaushia tumbaku, anavuna majani yenye umande mpaka anatapika. (Wanaolima wanaujua ugonjwa huo, nikotini inapenya kwenye ngozi.) Nikasimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nikamwaga yote kwa hasira: shamba la nani, mtoto katokea wapi. Watu wakanipigia makofi. Kulipokucha mtoto hayupo, na mpaka leo sijui alikopelekwa.

Kwa hiyo nawaomba msichanganye mambo mawili. Kumwokoa mtoto ni kazi ya kimyakimya: mtendaji, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Ukifika polisi usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kuwabana wanaopaswa kumlinda ndiyo kazi ya hadharani, na hapo jina la mtoto halihitajiki hata kidogo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na halmashauri inasimamiwa na madiwani. Tatizo ni jinsi taarifa inavyosinyaa njiani. Kijijini tunaandika mashauri matano ya ukatili, kwenye kata yanakuwa "matukio machache", ikifika Baraza la Madiwani unakuta mstari mmoja: elimu imetolewa kwa jamii. Sentensi hiyo siipendi kama nini.

Safari moja tukamfuata diwani nyumbani kwake kabla ya kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tulikuwa na maswali manne kwenye daftari. Robo hii yamepokelewa mashauri mangapi? Mangapi yamefika mahakamani? Afisa ustawi kafika kwetu mara ngapi? Na mangapi "yamemalizwa kifamilia"? Hilo la mwisho ndilo alilolikwepa, maana huko ndiko binti anakogeuzwa kuwa mbuzi wawili na soda, na wanaokaa kwenye kikao hicho ndio hao hao wapiga kura wake.

"Mama, mnataka nigombane na mkurugenzi wa halmashauri?"

"Mheshimiwa, ndicho tulichokutuma."

Akayapeleka, ila lile la nne aliliacha. Jibu lililorudi ni kwamba pikipiki ya afisa haina mafuta. Jibu la aibu, lakini sasa liko kwenye muhtasari. Robo iliyofuata tukaiona pikipiki kijijini mara mbili.

Ukitaka kujaribu, jua kwamba taarifa za kata huwasilishwa kabla ya kikao chenyewe cha Baraza, kila robo mwaka. Mfuate diwani wiki mbili kabla, akishaiandika umechelewa. Siku ya Baraza nenda ukakae nyuma, wananchi wanaruhusiwa kusikiliza. Beba daftari lako. Sisi lile swali la nne tunalirudisha robo hii, na safari hii tunakwenda na wenyeviti wawili wa vitongoji.