Kima wanapigwa na stima langoni kwangu

SWALI: Naishi Runda, jirani na msitu wa Karura. Nyani wawili wenye koo jeupe wamekufa kwenye nguzo ya stima iliyo mbele ya lango. Waya mmoja unatosha kuwaua? Nikikata matawi yote, watakoma kuja?

JIBU: Koo jeupe ni la kima, ingawa Nairobi kila mwenye mkia huitwa nyani. Waya mmoja haumuui. Ndege hutua hapo kutwa. Kima hufa akigusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na kitu kilichoungana na ardhi, kama chuma cha nguzo au ganda la transfoma. Kiwiliwili chake ni kama nusu mita, mkia unazidi hapo, basi kuziunganisha ni rahisi mno. Transfoma ndiyo hatari zaidi: nyaya zimekaribiana, na upande mmoja mara nyingi una volti 11,000.

Matawi yanayogusa laini yaondolewe, na kazi hiyo ni ya kampuni ya umeme, si ya shamba boy na panga. Lakini usikate yote. Kima akikosa tawi hapandi ndege: atapita juu ya waya, au atashuka barabarani kwenye magari na mbwa. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka miwili au zaidi kabla ya mwingine, kwa hiyo vifo viwili kundini si vichache.

Kule Diani, pwani, shirika la uhifadhi la Colobus Conservation huning'iniza madaraja ya ngazi juu ya barabara, na kima na mbega huyatumia. Ukitaka lako, chunguza kwanza wanavukia wapi, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima. Daraja lililowekwa mahali pengine watalipuuza. Omba ruhusa ya wenye barabara na wenye miti. Funga kamba mbili sambamba, vidato vyake vipande vya bomba la plastiki, juu kuliko lori refu. Lisipite juu wala chini ya laini ya stima, maana kamba iliyolowa hupitisha umeme. Kila mwaka legeza vifungo, mti unanenepa na kamba itaukata ganda. Kampuni nayo iombe ibadilishe nyaya zilizo wazi kwa zile zilizofunikwa na kusokotwa pamoja.

Jaa la taka lifunikwe, na ndizi za kuwarushia ziishe leo. Hizo ndizo zinazowaita juu ya nguzo yako.

Aliyeungua usimshike, atakuuma. Piga simu KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hata kama amekimbia: kidonda cha stima huonekana kidogo nje huku nyama ya ndani ikifa, naye huweza kuanguka siku kadhaa baadaye.