Wanaulizana Nini Katika Habari za Mkoba na Tai?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetazama mara mbili filamu ya In the Mood for Love iliyoongozwa na Wong Kar-wai. Bwana Chow na Bibi Chan, majirani ambao kila mmoja ana ndoa yake, wanakaa mkahawani wakiulizana habari za mkoba na tai, kisha wanainuka kama watu waliopokea habari ya msiba. Mume wangu anasema ni gumzo la kawaida tu. Je, kuna lililofichwa? Na kwa nini baadaye bibi huyo analia ilhali anafanya maigizo tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Bibi msomaji, mumeo hakukosea sana, kwa kuwa maneno yenyewe ni gumzo la kawaida, kilichofichwa ni kwamba kila mmoja anauliza jambo ambalo jibu lake tayari analihofia moyoni. Bwana Chow anauliza mkoba ulinunuliwa wapi, akidai kwamba anataka kumnunulia mkewe, na Bibi Chan anajibu kwamba mumewe aliuleta kutoka ng'ambo na kwamba hapo Hong Kong hauuzwi. Naye anauliza kuhusu tai, akaambiwa ni zawadi ya mke. Ndipo anapotamka kwamba mumewe anayo iliyo sawa na hiyo, na Chow anakiri kwamba mkewe anao mkoba kama ule. Hapo wote wawili wanajua kwamba mume wa Bibi Chan na mke wa Chow ni wapenzi, lakini uzinzi haukutajwa hata mara moja. Hii ni Hong Kong ya mwaka 1962, katika nyumba za kupanga ambamo majirani huona nani ametoka na nani amerudi, na kulitaja jambo waziwazi kungemwaibisha msikilizaji pamoja na msemaji. Kwa hiyo wanazunguka mbuyu, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kukana. Kwa maoni yangu, mapenzi yao yanaanzia kwenye huruma hiyo.

Kuhusu machozi, kumbuka swali wanalolibeba tangu usiku ule: wenzi wao walianzaje? Ili walijibu, wanaigiza. Chow anajifanya mume anayeulizwa kama ana hawara, naye Bibi Chan, aliyedhani kwamba anajifunza tu namna ya kuuliza, anagundua kwamba jibu linamuumiza hata likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Maneno ya kuazima yamekuwa yake. Baadaye wanafanya mazoezi ya kuagana kwa sababu Chow anaondoka kwenda Singapore, na hapo analia kwa uchungu mkubwa zaidi, huku Chow akimtuliza kwamba ni mazoezi tu, ingawa wote wawili wanajua kwamba kwaheri ya kweli ndiyo hiyo.

Ukiitazama tena, sikiliza hasa Chow anapoeleza kwamba alitaka tu kujua wale wawili walianzaje, na kwamba sasa anajua. Hilo ndilo ungamo lake la mapenzi.