Udaktari Marekani: si lazima usomee biolojia

Mdogo wangu, umeuliza kama ubebe fani mbili kwa mpigo kwenye shahada ya kwanza, biolojia na kemia, ili vyuo vya udaktari huko Marekani vikuone umejipanga, ingawa roho yako iko kwenye historia. Usijitese. Vyuo hivyo kwa kawaida havidai fani fulani. Vinachotaka ni masomo ya msingi: biolojia, kemia, kemia ogania na fizikia, pamoja na maabara zake, na vingi huongeza baiokemia. Hayo utayasoma hata ukiwa mwanahistoria.

Kinachowaangusha wengi ni alama. Kwenye maombi, wastani wa sayansi hukokotolewa peke yake, kwa hiyo C ya kemia ogania haifichiki nyuma ya A za historia. Sasa fikiria muhula wenye kemia ogania, fizikia, maabara mbili za mchana kutwa, halafu na somo la fani ya pili usilolipenda. Ya nini?

Chukua historia. Nafasi ikipatikana, ongeza saikolojia na sosholojia, somo moja moja tu, maana tangu 2015 MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, ina sehemu nzima ya mambo hayo. Na kama unafanya kazi za usiku (wengi wetu tunafanya), ogania na fizikia usizipange muhula mmoja.